Ndege Isiyokwenda Popote

Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, juu ya maji ya ziwa Nakivale huonekana ndege mdogo mwenye madoa meusi na meupe ambaye wavuvi wamemzoea hata hawamtazami. Ni mdiria. Huruka kutoka kwenye tawi la ufukoni, akafika juu ya maji kiasi cha kimo cha nyumba mbili, na hapo akasimama. Hatui, wala hasongi mbele, wala harudi nyuma. Mabawa yake hupiga upesi hata macho yasiweze kuyafuata, lakini kichwa kimetulia kana kwamba kimepigiliwa msumari hewani. Akiisha kumwona samaki, hujitupa majini kama jiwe. Asipomwona, husogea kidogo akasimama tena.

Yuko kijana mmoja katika makazi hayo aliyemtazama mdiria muda mrefu asimwelewe, mpaka siku alipojaribu kulifanya jambo lilo hilo kwa mikono yake mwenyewe, akitumia vipande vya povu, mota isiyozidi ukubwa wa kizibo cha dumu, na rimoti kuukuu yenye vijiti viwili.

Makazi ya Nakivale yanajulikana na askari wengi waliowahi kupangiwa kazi magharibi ya Uganda. Ni ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yamo katika Wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara. Waliotangulia walikuwa Wanyarwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, kila kundi na nyumba yake ya ibada, mapishi yake na msiba wake. Sokoni Kiswahili huwapatanisha wengi wao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 yampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, kwa hiyo mtu aweza kupanda gari asubuhi pale Base Camp, akafika Mbarara, akanunua alichokitaka na kurudi siku hiyo hiyo, maadam nauli anayo.

Kijana huyu alifika mwaka 2023 kutoka Masisi, Kivu ya Kaskazini, pamoja na mama yake na wadogo zake wawili wa kike. Baba hakufika. Riziki yao ni shamba dogo la mahindi na maharage, na meza ya kijana ya kutengenezea simu, yenye mwavuli juu yake na kopo la vipuri kila pembe. Vipuri hivyo huvifuata Mbarara, katika duka la mzee mmoja mtaa wa Kakoba ambaye zamani alikuwa fundi wa redio jeshini. Ni duka dogo, lenye giza, na kila kilichomo kimefunguliwa na hakijafungwa. Hapo ndipo siku moja alipoiona rimoti ile juu ya rafu, imefungwa kwa mpira pamoja na mota, betri, na zile mota nyingine ndogo za kuchezesha mkia. Mgeni fulani aliyewahi kufanya kazi mjini aliviacha vitengenezwe, akaondoka nchini, asirudi.

“Hiki kilikuwa ndege,” alisema mzee. “Mwili wake ulikuwa wa povu, panya wameula.”

Kijana aliulipia mzigo ule kwa kutengeneza simu kumi na mbili bila ujira.

Mwili mpya aliuchonga kwa lile povu gumu jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Mbavu za mabawa alizitia njiti za gurudumu la baiskeli, akaunga kwa gundi na utepe wa nailoni. Mota aliifunga puani pamoja na pangaboi lake. Kwenye kingo za mabawa na mkiani akaacha vipande vyenye bawaba vinavyochezacheza, kwani hivyo ndivyo vinavyoigeuza ndege. Kazi hiyo ilichukua wiki tano, na kwa haki ilikuwa kazi nzuri. Kosa lake halikuwa katika kuchonga.

Kosa lilikuwa kuirusha. Alikwenda nayo jioni moja mahali palipo wazi, nyuma ya mashamba, akaisukuma mota mpaka mwisho na kuiachia. Ndege ilipanda. Ilipita juu ya mahindi ikilia ule mlio mwembamba, mkali, wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Haikukaa angani hata dakika moja, lakini ilitosha. Wanawake waliokuwa wakipalilia walitupa majembe wakalala kifudifudi kati ya matuta. Mmoja alimlalia mtoto wake kwa uzito wote hata mtoto akapotewa na pumzi. Watoto wakubwa walikimbilia mtaroni, jambo ambalo hakuna mtu aliyewafundisha huko Nakivale. Ndege ilipojibwaga kwenye mihogo na kimya kurudi, kijana alikwenda kuifuata, akamkuta mama yake mwenyewe chini, mikono imefunika kisogo, mdomo umejaa udongo.

Hakumkemea. Aliinuka, akajifuta, akalitafuta jembe lake.

Aliyetazama mambo haya kwa mbali angeweza kusema kuwa watu wale waliogopa kitu cha kuchezea. Ni kweli, lakini tangu mwaka 2023 ndege zisizo na rubani zimetumika katika vita vya Kivu ya Kaskazini, na Somalia zimekuwa zikishambulia tangu mwaka 2011. Mtu aliyeusikia mlio ule pale hana haja ya kuuliza ukubwa wa kitu anapousikia hapa. Sikio lake halipimi.

Kabla ya magharibi alifika koplo wa polisi kutoka kituoni. Alikuwa ameambiwa kuwa ndege ya vita imeanguka mihogoni, na huenda alifika huku moyo ukimdunda kuliko alivyoonyesha. Aliiinua ndege kwa mkono mmoja, akaigeuza, akausoma utepe wa nailoni.

“Afande, ni kitu cha kuchezea tu,” alisema kijana.

“Kwako ni cha kuchezea. Waulize hao waliolala mahindini.”

Kisha akamweleza sheria bila ukali. Nchini Uganda vyombo virushwavyo kwa redio vina Mamlaka ya Usafiri wa Anga inayoviangalia, na Wizara ya Ulinzi nayo hutaka kujua ni nani anarusha nini na wapi. Hiyo si bughudha. Kitu kipitacho juu ya vichwa vya watu chaweza kubeba kamera, chaweza kubeba na kibaya kuliko kamera, na aliye chini hana njia ya kujua. Ndege ikapelekwa kituoni pamoja na mwenyewe. Ilirudishwa siku ya tatu kwa sharti moja: isipande hewani nje ya nyumba mpaka karatasi zipatikane. Koplo mwenyewe alimsaidia kuandika barua ya maombi, ikapitia ofisi ya mkuu wa makazi na kuendelea mbele. Barua za namna hiyo zina mwendo wake.

Nyumbani mama alikaa siku mbili asiligusie jambo hilo. Siku ya tatu, wakichambua maharage, alisema: “Mwanangu, kinachopita juu yangu sikitaki. Ukiwa na kitu cha kunionyesha, kiweke mbele yangu, kisimame, nikione.”

Kijana alijaribu kumweleza kwamba ndege zisizo na rubani si za kuua tu. Kwamba katika nchi jirani ya Rwanda, tangu Oktoba 2016, ziko zinazopeleka damu hospitalini na kuiangusha kwa mwavuli uani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. “Nayo hupita?” akauliza. Ndiyo, hupita. “Basi.”

Maneno yale ya mama aliyachukua kama yalivyo, akaenda nayo Mbarara. Mzee wa Kakoba hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja Februari 1979, jeshi la Tanzania lilipoingia Mbarara na sehemu kubwa ya mji ikavunjwa. Hata leo, mlango wa bati ukijipiga kwa upepo, bega lake la kulia hupanda kabla hajajua. “Mama yako amekuomba jambo gumu kuliko alivyojua,” alisema. “Kuifanya ndege iende, hata upepo husaidia. Kuifanya isimame, hakuna atakayekusaidia.”

Ndipo masomo yalipoanza, katika ghala la nafaka lililokuwa tupu, mali ya rafiki wa mzee. Yafaa kusema hapa kwamba ndege ya mabawa isimamapo hewani hailali kama ilalavyo ikiruka. Hunyanyua pua ikaelekea juu wima, mkia ukaning'inia chini, na mabawa, ambayo ndiyo huibeba siku zote, yakawa hayana kazi ya kubeba. Uzito wote huning'inia kwenye pangaboi. Kwa hiyo sharti la kwanza ni la mzani: nguvu ya pangaboi ishinde uzito wa ndege, na ishinde kwa ziada. Ndege ya kijana ilikuwa nzito mno. Tena mji wa Mbarara uko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, na pangaboi hushika kidogo zaidi. Alikwangua povu, akatoa njiti mbili za baiskeli, akapunguza gundi, akaondoa magurudumu aliyoyapenda sana. Mzani wa sokoni ulipoonyesha gramu 400, mzee alisema sasa yaweza kuzungumzwa.

Wiki za kwanza haikuwashwa mota. Mzee alimpa fimbo ndefu ya kuchungia ng'ombe, zile za Ankole, akamwambia aisimamishe juu ya kiganja bila kuishika. Kila mtoto amewahi kuucheza mchezo huo, na kila mtoto ajua kwamba fimbo haisimami kwa mkono kutulia. Husimama kwa mkono kutotulia. “Tazama ncha,” alisema mzee, “usitazame kiganja. Ncha ikiisha kuanguka umechelewa. Mfuate inapowaza kuanguka.” Kijana alitembea na fimbo ile ghalani kama kichaa, huku na huku, hata mlinzi wa ghala akazoea. Siku alipoweza kusimama nayo dakika mbili miguu ikiwa mahali pamoja, alipewa nusu ya fimbo hiyo, na hapo akatambua kuwa fimbo fupi huanguka upesi kuliko ndefu. Na ndege yake ilikuwa fupi kuliko zote mbili.

Kisha ndege ilifungwa kamba. Kijana aliona aibu, kama mtu mzima aliyepewa baiskeli ya magurudumu matatu, lakini mzee akamsimulia habari za Igor Sikorsky, yule mzaliwa wa Kiev aliyehamia Marekani. Septemba 1939 alipoijaribu helikopta yake iliyoitwa VS-300, haikuwa huru. Ilifungwa kwa kamba zilizoizuia isipande juu wala isipinduke, na yeye mwenyewe akaketi ndani yake na kofia yake kichwani. Iliinuka kidogo tu. “Kama Sikorsky alifungwa kamba,” alisema mzee, “wewe ni nani?”

Kamba ilitoka kwenye boriti ya paa ikashika pua, na nyingine ikatoka mkiani hadi sakafuni. Mota ikawashwa. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba ndege haikutaka kuanguka, ilitaka kuzunguka. Ilijipinda kwa kushoto, taratibu, kisha upesi, mpaka kamba zikasokotana kama nywele za msichana. Mzee alimwonyesha sababu kwa keekee: fundi akizungusha keekee upande mmoja, mbao isiyobanwa huzunguka nayo, na fundi asiyejikaza huzungushwa upande wa pili. Pangaboi likizunguka kwa kulia, mwili wa ndege husukumwa kwa kushoto. Dawa yake ni vile vipande vya kwenye kingo za mabawa. Ijapokuwa ndege haiendi, upepo wa pangaboi lenyewe hushuka ukapita juu ya mabawa na mkia, na upepo huo ndio unaovipa vipande hivyo nguvu. Ndege isimamayo hujitengenezea upepo wake.

Basi mikono miwili ikapata kazi nne. Kijiti cha kushoto, juu na chini, ni nguvu ya mota, yaani kupanda na kushuka. Kijiti hicho hicho, kushoto na kulia, ni usukani wa mkiani, unaozuia pua isilale ubavuni. Kijiti cha kulia, mbele na nyuma, huzuia pua isilale mbele wala mgongoni. Na kushoto na kulia huzuia kule kuzunguka. Hakuna kazi hata moja inayosubiri nyingine iishe. Mota ikiongezwa, ndege huzunguka zaidi. Ikizuiwa isizunguke, pua huyumba. Pua ikiyumba, ndege huanza kwenda, na ikianza kwenda si kusimama tena. Mzee hakutaka kuona kijiti kikisukumwa mpaka mwisho. Alitaka vigusogusio, vidogo, vya haraka, visivyokoma, kama mpishi wa uji asiyeacha mwiko.

Kulikuwa na mtego mwingine, nao ulimchukua kijana miezi minne. Ndege ikisimama wima na mgongo wake ukiwa umemwelekea mrushaji, mkono huifuata kama ulivyozoea: pua ikianguka kushoto, usukani husukumwa kulia. Lakini ndege ikigeuka ikamwonyesha tumbo, kushoto kwake yenyewe huwa kulia kwa mrushaji. Mkono ukifanya ulichozoea, huiangusha kwa nguvu zake zote huku moyo ukiapa kwamba unaiokoa. Hapo alivunja mapangaboi sita, na bei ya moja ni chakula cha siku mbili. Alikariri kanuni usiku kitandani: tumbo likinitazama, sukuma upande uleule pua inakoangukia. Kuikariri ni jambo moja. Vidole havisikilizi kanuni. Vidole husikiliza hofu. Aliwahi kumwambia mzee kwamba kichwa chake chajua na mikono haijui. Mzee akamjibu kuwa kwa askari mpya huwa hivyo hivyo, na tiba yake jeshini haijabadilika tangu zamani: rudia.

Siku kanuni hiyo ilipotoweka kichwani, hakuiona ikiondoka. Alikuwa akiwaza habari ya nauli ya kurudi, ndege ikamgeuzia tumbo, pua ikalala, mikono ikainyanyua. Ndipo akashtuka, na kwa kushtuka akaiangusha.

Nafasi ya kwenda Mbarara aliipata mara mbili au tatu kwa mwezi, na kila safari betri ilimpa dakika sita za ndege kabla ya kuchajiwa upya. Kwa hiyo ukijumlisha saa zenyewe za kusimama hewani katika miezi minane, hazifiki nyingi. Saa nyingi zilikuwa za gundi.

Habari ya betri haifai kupitwa hivi hivi kwa wenye nyumba na watoto. Betri za namna hii si kama zile za tochi. Zina seli kadhaa. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, na ikiachwa ishuke chini ya volti 3 huharibika. Ikitobolewa, ikibonyezwa au ikichajiwa kupita kiasi yaweza kuwaka moto mkali wenye moshi mbaya. Mama wa kijana hakuelewa volti, lakini aliuelewa moto. Aliitafutia betri ile chungu cha zamani kilichomeguka mdomo, akakijaza mchanga nusu, akakiweka uani mbali na nyasi za paa, na akaamuru kwamba haichajiwi usiku watu wakilala. Mafundi waliosomea kazi hii hawasemi zaidi ya hayo.

Miezi minane ilipokwisha, barua ya kibali ilikuwa bado safarini. Koplo alisema sharti lilikuwa “nje ya nyumba”, na chumba cha darasa si nje. Jumamosi moja mwalimu mkuu alitoa darasa, madawati yakasogezwa ukutani, madirisha yakafungwa. Waliitwa wale waliolala mahindini, na waliotaka walikuja. Mama wa kijana aliketi dawati la mbele. Koplo alisimama mlangoni, kofia kwapani. Mzee wa Kakoba alikuja kwa gari la asubuhi, akakaa nyuma kabisa kama mkaguzi wa elimu.

Kijana alieleza kila kitu kabla ya kuwasha: mota ni hii, mlio utakuwa huu, haitakwenda popote, itasimama hapa kwenye alama ya chaki mpaka niishushe. Alipokuwa akisema neno hilo la kusimama, akisema kwa furaha, mwanamke mmoja Msomali aliyekuwa na shamba jirani na lao aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Kijana wangu,” alisema, kwa Kiswahili cha polepole, “kwenu inayopita ndiyo mbaya. Kwetu, Shabelle ya Chini, inayopita imekwisha pita. Ile inayokaa juu usiku kucha, haiendi, ndiyo tuliyoiogopa.”

Darasa lilikuwa kimya. Miezi minane ya kazi ilikuwa imeelekezwa kwenye sikio la mama mmoja, na hapa palikuwa na sikio la pili ambalo hakulifikiri. Kijana alitazama nyuma kumtafuta mzee. Mzee hakutikisa kichwa wala hakukubali, aliitazama dari. Koplo akasema kwamba anayetaka kutoka atoke, mlango u wazi. Yule mwanamke hakutoka. Alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Kijana alichuchumaa. Alitoa mkobani kamba ile nyembamba ya mazoezi, akaifunga mkiani pa ndege. Alileta tofali kutoka nje, akalifunga pete ya waya, akaliweka juu ya alama ya chaki, akaipitisha kamba ndani ya pete, ili mvutano wowote uishushe ndege wima bila kuipindua. Ncha ya pili akampelekea yule mwanamke alipoketi, hatua tano mbali na pangaboi.

“Shika, mama. Mimi nitaiinua. Wewe ukitaka ishuke, vuta.”

Akawasha. Mlio ukaanza, na mabega ya watu yakapanda yote kwa pamoja. Ndege iliinuka pua juu, ikafika kimo cha kifua cha mtu, ikasimama. Haikupata hata sekunde tatu. Mwanamke alivuta kwa mikono yote miwili. Ndege ikapiga mkia kwenye tofali, ikalala, pangaboi likagonga saruji likavunjika, na kipande kikaruka hadi ubaoni. Mota ilikuwa imekwisha zimwa. Mwanamke alikuwa amesimama, na hakuomba radhi. Kijana naye hakuonyesha kwamba alitaka aombwe. Alitoa pangaboi la saba, akalifunga kwa bisibisi bila haraka, akarudi kwenye nafasi yake.

“Tena?” akauliza.

“Tena.”

Mara ya pili ndege ilisimama. Mgongo ulikuwa kwa kijana na tumbo likamwelekea mama yake, ambaye sasa aliliona lilivyo: povu jeupe lenye chapa ya kampuni ya televisheni iliyokatwa katikati, utepe wa nailoni, njiti moja ya baiskeli inayochungulia. Ilikuwa ikitetemeka. Kwa mbali jambo hilo halionekani, lakini kwa hatua chache mtu huona kwamba haijapumzika hata kidogo. Pua huanza kulala, hunyanyuliwa. Mwili huanza kuzunguka, huzuiwa. Na vidole vya kijana vilikuwa vikicheza juu ya vijiti kama vya mtu achambuaye mchele. Mdogo wake wa mwisho alianza kuhesabu kwa sauti. Alifika sitini, akaanza upya. Kamba ilikuwa imelegea kutoka kwenye pete hadi mkononi mwa mwanamke, naye alikuwa ameishika kwa vidole viwili, kwa namna ambayo kila aliyemwona alijua kuwa aweza kuivuta wakati wowote.

Mama wa kijana aliegemea mbele. “Hii ndiyo ile?” akauliza.

“Ndiyo ile, mama.”

“Ni ndogo.”

Waliobaki mlangoni walisogea ndani. Mtoto mmoja alitaka kwenda kuigusa, akashikwa shati na koplo. Baada ya dakika ya tano kengele ndogo ya betri ikalia, na kijana, macho yasitoke kwenye pua ya ndege, akasema kwamba nguvu zinakwisha, ni lazima ishuke sasa. Alikuwa tayari kuishusha mwenyewe. Lakini yule mwanamke aliitazama kamba mkononi mwake, akaikaza, akaanza kuivuta polepole, kiganja baada ya kiganja, kama mtu atoaye ndoo kisimani asitake kumwaga maji, na kijana akapunguza mota kwa kumfuata yeye, mpaka mkia ukagusa tofali.